YAMAUBA WA UTAMARO: MAMA AU ZIMWI LILILOFUGWA?

Mara nyingi tukiona picha ya mama na mtoto tunakimbilia kusema: "Dhamira ni mapenzi ya mama." Basi, uhakiki umekwisha! Makala haya yanapinga uvivu huo kwa kutazama kazi za Kitagawa Utamaro, msanii wa mji wa Edo (Tokyo ya leo) aliyefariki mwaka 1806.

Picha za ukiyo-e zilichongwa kwenye vibao vya mbao, vibao vikapakwa rangi na karatasi ikagandamizwa juu yake, kisha nakala zikauzwa. Utamaro alijulikana hasa kwa kuchora wanawake warembo, wakiwemo makahaba wa mtaa wa Yoshiwara. Swali linalojitokeza ni hili: mchoraji wa namna hiyo akimchora mama, anamwona mama au anaona urembo tu?

Hebu tumtazame Yamauba. Katika ngano za Kijapani huyu ni bibi wa milimani, zimwi lenye kula watu. Utamaro amemfanya kijana mzuri, mweupe, lakini nywele amemwachia timtim. Mwanawe Kintaro, mtoto mwenye nguvu za ajabu, ana ngozi nyekundu. Katika picha mojawapo mtoto ananyonya titi moja huku ameshika la pili. Kifani, wekundu wake unavuta jicho kabla ya uzuri wa mama. Kimaudhui, mtoto huyu si malaika hata kidogo, anadai chake. Na mama, ambaye nganoni ndiye mla watu, hapa ndiye analiwa.

Picha nyingine inanitatiza. Yamauba anapaka meno rangi nyeusi, desturi ya wanawake walioolewa enzi hizo, na Kintaro anatazama. Mtu atasema zimwi limestaarabika. Hapana bwana, limefugwa! Mama wa porini anapewa adabu za mke wa mjini ili mnunuzi asiogope. Hata hivyo nywele bado hazijachanwa, na kwa maoni yangu hapo ndipo Utamaro anapomwona mama mwenyewe: anampenda mtoto, lakini hajaacha kuwa yeye.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, udhaifu wa uhakiki wetu uko hapa: tunamsifu mama kwa kujitoa tu. Tukiendelea hivyo, na sisi tunampaka meno.