Jina Juu ya Boksi

Mwaka 1988, wakati wa maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Nürnberg, Ujerumani, wabunifu kadhaa wa michezo walichukua kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi ya bia, wakaandika ahadi na kutia saini. Hakuna kati yao ambaye angempa mchapishaji mchezo wake kama jina la mtunzi halitawekwa juu ya boksi. Ni dai dogo ukilisikia leo. Lakini kwa muda mrefu mtunga riwaya alikuwa na jina, mtunga muziki alikuwa na jina, na aliyetunga mchezo alimezwa na kampuni iliyouchapa. Sasa mpenzi wa michezo ya mezani akiingia dukani anaulizia Knizia mpya au Feld mpya, kama msomaji anavyoulizia kitabu kipya cha Shafi Adam Shafi.

Anachonunua si ubao wala picha zake. Ni sheria: nani afanye nini, lini, kwa gharama gani, mpaka watu wanne wakae saa nzima mezani na asiwepo hata mmoja wa kuchungulia simu.

Klaus Teuber alikuwa fundi wa meno ya bandia aliyebuni michezo baada ya kazi, nyumbani kwake. Mwaka 1995 mchezo wake wa Catan ulitoka na papo hapo ukatwaa Spiel des Jahres, tuzo ambayo Wajerumani wamekuwa wakiitoa tangu 1979. Kisiwa chake kina vigae 19 vya pembe sita, na ukiacha jangwa moja, kila kigae kinatoa mbao, matofali, ngano, sufu au mawe ya madini. Dadu mbili zinarushwa. Namba ikitoka, kigae chenye namba hiyo kinazaa, na kinamzalia yeyote aliyejenga pembeni yake, hata kama zamu si yake. Hapo ndipo ulipo ufundi wote. Kwenye Monopoly aliyefilisika anaondoka akatafute chai, na asiye na zamu anapiga miayo. Kwenye Catan kila dadu inayorushwa inamhusu kila mtu, na mwenye zamu akikosa tofali atakugeukia tu: una tofali? Nikupe kondoo wawili? Mabishano ya bei yakianza, anayepita mlangoni atadhani ni Kariakoo. Matoleo ya siku hizi yanachapa nukta chini ya namba: 8 ina tano, 2 ina moja, kwa kuwa katika michanganyiko 36 ya dadu mbili 8 inapatikana kwa njia tano na 2 kwa njia moja. Mtoto ambaye hajafundishwa hesabu za uwezekano anahesabu nukta na kujua pa kujenga.

Catan una kasoro, na wapenzi wake wa muda mrefu wanaikiri: ukikosea nyumba zako mbili za mwanzo, unaweza kukaa mikono mitupu ukiwaangalia wenzako wakistawi.

Reiner Knizia ana shahada ya udaktari ya hisabati, alifanya kazi benki, na ametoa mamia ya michezo. Idadi hiyo ingetosha kumtilia mtu shaka, na kweli si yote inayokumbukwa. Ila katika Tigris & Euphrates, wa mwaka 1997, kuna kanuni moja ambayo wabunifu wengine wangeitamani. Wachezaji wanakusanya pointi za rangi nne, na mwisho wa mchezo kila mmoja anahesabiwa ile rangi aliyo nayo kidogo kuliko zote. Hakuna sehemu ya sheria inayomwamuru mchezaji ajenge ufalme wenye uwiano, au inayomkataza mpenda vita kupigana tu. Anapigana apendavyo, kisha anakuta rangi aliyoipuuza imemwangusha.

Mmarekani Matt Leacock naye, kwenye Pandemic wa mwaka 2008, aliwaweka wachezaji wote upande mmoja dhidi ya magonjwa yanayosambaa duniani. Karata za miji zinafunuliwa, miji inaambukizwa, karata zinatupwa kando. Ikitoka karata ya mlipuko, zile zilizotupwa zinachanganywa na kurudishwa juu ya fungu, si chini. Kwa hiyo kama Kinshasa na Khartoum ziliugua jana, ndizo zitakazougua tena leo. Kwa tendo hilo moja la mkono, karatasi zinapata kumbukumbu, na meza nzima inajua hatari inatoka wapi bila kujua itatoka lini.

Kuna kundi jingine la michezo linalokwenda kinyume kabisa, lenye masanduku yaliyojaa sanamu za plastiki na vitabu vya sheria vya kusoma wiki nzima. Wanaoipenda waachwe nayo.

Elizabeth Hargrave alionyesha njia nyingine mwaka 2019. Wingspan, mchezo wake wa ndege wa Amerika Kaskazini, una karata 170 za ndege, kila mmoja na makazi yake, chakula chake, aina ya kiota na upana wa mabawa yake kwa sentimita. Uzuri wa karata ndio unaowavuta watu, lakini hesabu iko penginepo. Mchezaji ana zamu nane raundi ya kwanza, saba ya pili, sita ya tatu, tano ya mwisho. Zamu zinapungua huku ndege aliokwisha kuwakusanya wakizidi kuipa kila zamu nguvu, na mchezo unakwisha wakati mchezaji ameanza kunogewa.

Msomaji wa pwani ana sababu ya kuwatazama wabunifu hawa kwa jicho la mwenye mali. Trajan wa Stefan Feld, wa mwaka 2011, unampa kila mchezaji duara la visahani sita vyenye vipande vya rangi. Anachota kimoja, anasambaza kipande kimoja kimoja, na pale cha mwisho kinapotua ndipo anapojua tendo atakaloruhusiwa. Five Tribes wa Bruno Cathala, wa mwaka 2014, unasambaza hivyo hivyo watu wadogo 90 wa mbao juu ya vigae 30, na anayemalizia anachukua wote wa rangi ile aliyoshusha mwisho kwenye kigae hicho. Ni mbegu za ukoo mmoja na bao. Hata hivyo fundi wa bao wa Zanzibar, aliyezoea mashimo 32 na kete 64, huenda akaona mkono unalala upesi mno. Kwenye Trajan kipande cha mwisho kikitua, zamu ya kusambaza imekwisha, na hakuna kula kete za mwenzako ukaendelea kuzungusha. Feld ameziondoa mbio hizo kwa makusudi, ili nafasi ibaki kwa bandari, baraza la seneti na vita vinavyoendelea kwenye ubao wa katikati, na hapo fundi yule ana haki ya kubishana naye.