Hoja Potofu si Uwongo: Fundisho la Mbiru

Miongoni mwa istilahi ambazo bado zinawatatiza wafasiri wetu ni zile za taaluma ya mantiki. Kwa lile kosa linalofanya hitimisho lisitokane na sababu zilizotolewa, wako wanaoandika "uwongo", wako wanaoandika "hoja potofu", na wako wanaoyachanganya yote mawili. Twaona kwamba jambo hili si dogo.

Uwongo ni sifa ya kauli isiyolingana na ukweli. Upotofu tunaouzungumzia hapa ni wa kiungo baina ya kauli na kauli. Mtu aweza kusema kweli tupu toka mwanzo hadi mwisho, na hoja yake ikawa mbovu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba kosa hili ni "uwongo" atamsaka mwongo, wala hatatafuta mahali hoja ilipokatika.

Mwalimu wa Myamba, katika milima ya Upare Wilayani Same, hana haja ya kuazima mifano Ugiriki. Katika miaka ya 1940, wakati wa ukoloni, ilianzishwa Upareni kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Ikaitwa mbiru, jina la ushuru wa jadi uliotolewa kwa watawala. Mwaka 1945 umati wa wananchi ulipiga kambi Same kuipinga, na mwishowe ikafutwa. Isaria Kimambo aliieleza habari hiyo katika kijitabu chake cha mwaka 1971.

Na tuipime hoja iliyojificha ndani ya jina lile. Wapare tangu zamani hutoa mbiru. Kodi hii ni mbiru. Kwa hiyo kodi hii ni desturi yao. Kauli mbili za kwanza zaweza kukubaliwa kila moja peke yake, lakini neno limebadili maana njiani: kwanza ni ushuru wa jadi, kisha ni fedha za makadirio. Kosa la namna hii twapendekeza liitwe "kugeuza maana".

Mfano wa pili: anayekataa mbiru hataki kulipa kodi. La hasha. Wananchi walikuwa tayari kulipa kodi ya kiwango kimoja kwa wote. Walichokikataa ni ukadiriaji. Kumjibu mtu kwa jambo asilolisema kwafaa kuitwa "kusingizia hoja".

Hata hivyo, "hoja potofu" nayo haijakamilika. Bungeni hoja ni pendekezo linalotolewa ili lijadiliwe. Katika mazungumzo ya kawaida ni sababu. Vitabuni ni mfululizo mzima wa sababu pamoja na hitimisho lake. Katika vitabu vya mantiki yafaa "hoja" ibaki na maana hii ya tatu, na "sababu" na "hitimisho" yatumike kwa sehemu zake.

Tahadhari moja yawahusu hasa maofisa wanaojibu malalamiko ya wananchi. Hoja ikiwa potofu, hitimisho lake halijathibitishwa. Lakini wala halijakanushwa. Mlalamikaji aweza kukosea katika kupanga sababu zake, na haki ikawa yake. Anayeita kila hoja potofu "uwongo" ataifunga faili mapema. Ndiyo maana twashauri neno hilo liachwe katika istilahi za mantiki.