Kalafati ya Alumini

Fundi alikuwa amelala chali chini ya gari langu, na kwa muda mrefu sikusikia spana ikigusa chuma. Nikainama kumtazama. Alikuwa amefumba macho. Kidole chake cha shahada kilizunguka polepole kwenye mdomo wa bushi ya krosimemba, kama mama anayepapasa ufizi wa mwanawe kutafuta jino linaloota.

“Mwanya uko hapa,” akasema. “Na hapa tena. Gari limezaliwa nao.”

Hapo ni Mombasa, katika kiwanja chenye mwembe mmoja na paa la mabati, mahali ambapo mgeni angepita asijue kwamba ni gereji. Gari lenyewe ni Nissan Silvia S14 ya mwaka 1995, na lilikuwa limekwisha kupita mikono miwili kabla ya kunifikia. Nililipenda kwa sababu mbele lilikuwa sikivu: ukigusa usukani limekwisha kuitika. Nyuma ndiko kulikokuwa na ukaidi. Kwenye kona za Mazeras, pua iliingia nilikotaka, kisha baada ya kitambo mkia ukafuata, kama mtu aliyeitwa jina lake akachelewa kusikia. Na kila nilipotoa gea ya kwanza kutia ya pili, kitu kiligonga huko chini, tok, mara moja, kikanyamaza. Mafundi watatu walinibadilishia shokapu na vitu vingine nisivyovikumbuka. Huyu wa nne hakubadilisha kitu. Alilala chini, akafumba macho, akatia kidole.

Wenye magari haya hawahitaji kuelezwa krosimemba ya nyuma ni nini. Difu imelala humo, mikono ya magurudumu imeshikwa humo, na kila nguvu inayotoka kwenye injini kwenda barabarani sharti ipitie humo. Lakini krosimemba hiyo haikuunganishwa na bodi kwa kuchomelewa. Inaning'inia kwenye pembe nne, kila pembe na nati yake kubwa, na kila pembe na bushi yake ya raba. Raba iliwekwa ili abiria asisikie mngurumo wa difu. Matundu nayo kiwandani huachwa mapana kuliko bolti zake, ili chuma kizito kipande na kukaa mahali pake bila kusumbua, gari lisonge mbele, linalofuata lije. Ni akili ya kiwanda, wala siilaumu. Ila raba huzeeka. Miaka 20 ya joto, mafuta na barabara zetu huilegeza, na ule upana uliokuwa msaada siku ya kuundwa gari unageuka kuwa uwanja wa kuchezea.

Dawa yake ni kola: vipande vya alumini vilivyokerezwa kufuata umbo la bushi, vikakaa juu yake na chini yake, vikaibana raba isipate pa kukimbilia. Za Silvia zina mgongo wa kuinama, na waendeshaji wa ng'ambo huziita mananasi, maana ukizitazama utadhani ni vipande vya nanasi la kopo. Ukizipanga kwa namna tofauti, krosimemba huinama kidogo mbele au nyuma, na gari hubadilika tabia linapoondoka na linapokata kona. Wajapani wengine, kama Spoon wa Tokyo waliojipatia jina kwa magari ya Honda, hutengeneza kola nyembamba za alumini laini kwa makusudi: ukikaza bolti, ile alumini hukubali kuminywa, ikajaza upenyo wote kati ya bolti na tundu, na krosimemba ikakaa katikati kabisa. Chuma kigumu hakiwezi kazi hiyo. Panatakiwa kitu kinachokubali kubanwa.

Fundi alipozitoa kola zangu kwenye karatasi yake, alizigeuza mkononi moja moja, akatabasamu. “Kalafati hii,” akasema.

Neno hilo lilinishika, na mpaka leo silitenganishi na kazi ile. Babu yake alikuwa fundi wa majahazi Matondoni, kule Lamu, na yeye utotoni ndiye aliyekuwa akisokota pamba ya kukalafati. Alinieleza huku akikwangua kutu kwa brashi ya waya. Mbao za chombo, alisema, hata zichongwe na malaika, zikikutana zitaacha mwanya. Mtoto anakaa kitako mchangani, anasokota pamba iliyotiwa mafuta iwe kama kamba nyembamba. Babu anaipokea, anailaza kwenye mshono, anaipigilia kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Mlio wa nyundo ile hubadilika kadiri pamba inavyoshiba. Mwanzo ni mfu, kisha unaanza kuwa mkavu, na siku zote babu alijua pa kuacha kwa kusikiliza tu. Ukipiga pungufu, maji yataingia. Ukizidisha, utazisukuma mbao zenyewe zipanuke, na utakuwa umeharibu ulichokusudia kukitengeneza. Chombo kikiisha hupakwa deheni, na mishono yote ikafichika. Hakuna mnunuzi atakayeiona pamba ile tena, na nahodha atalala juu yake usiku, bahari imechafuka, roho yake imetulia.

Nilimuuliza kama aliwahi kuiona kazi ya babu yake ikivuja. Hakunijibu. Aliomba nimpe pamba iliyokuwa kwenye kopo, akailowesha mafuta ya taa, akaanza kufuta midomo ya yale matundu.

Kazi yenyewe ilichukua mchana kutwa, ingawa ningeulizwa zamani ningesema ni ya saa mbili. Aliweka jeki chini ya difu na stendi mbili chini ya bodi, akazilegeza nati nne bila kuzitoa, akaishusha krosimemba vidole vitatu tu. Alisimama hapo kwanza. Alipitisha mkono kwenye mipira ya breki kuona kama yoyote imevutika, akapitisha kwenye waya za breki ya mkono, akapitisha kwenye ekzosi. “Haraka ya hapa hukatiza breki kule,” akasema. Ndipo akaanza kuzipachika kola, pembe kwa pembe, kila moja akiipaka grisi kidogo kwa ncha ya kidole, kila moja akiizungusha mpaka asikie imekaa. Kola ya kushoto nyuma ilikataa. Wengine wangeipiga nyundo. Yeye aliitoa, akautazama mdomo wa bushi, akapapasa, akakuta donge la rangi ya kiwandani lisilozidi punje ya mtama. Akalikwangua. Kola ikaingia kwa kidole.

Alipoinyanyua krosimemba, nati alizifunga kwanza kwa mkono. Akachukua uzi wa mvuvi, akapima kutoka pembe hadi pembe, akapima kwa mshazari, akaisukuma krosimemba kwa mtaimbo upana wa kucha, akapima tena. Baada ya hapo ndipo ilipotoka spana ya kupimia mkazo, aliyoifunga kwenye kanga kuukuu, na akakaza kwa msalaba: hii kidogo, ile ya upande wa pili kidogo, akirudi na kurudi mpaka spana iseme tik. Mwisho akatwaa brashi ndogo na rangi nyeupe, akachora mstari mmoja juu ya kila nati, ukivuka kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma inachokikalia.

“Nenda Kilifi urudi,” akaniambia. “Ukirudi tutaitazama mistari. Ikiwa bado imeungana, nenda zako.”

Na alinionya mapema, jambo ambalo mafundi wengi hulificha: “Utaisikia difu ikiimba kidogo. Ukitaka kimya, mwanangu, tutoe hizi tutie raba mpya.” Nilikataa kimya. Barabara ya Kilifi ile siku sitaisahau. Tok haikuwepo. Gari zima lilikuwa neno moja. Nilipoelekeza usukani, mbele na nyuma viliitika pamoja, na nilifika daraja la Kilifi nikiwa nimetulia kama mtu aliyesikilizwa.

Magari ya ukoo huu wa Nissan yana historia na nchi hii kuliko vijana wengi wanavyojua. Datsun 240Z ilishinda Safari Rally mwaka 1971, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, ambaye alikuja kuishinda mara tano. Silvia ya kizazi kilichotangulia kile cha S13, ikiitwa 200SX, ilishika nafasi ya pili na ya tatu mwaka 1988, ya pili ikiendeshwa na Mike Kirkland. Waliokuwa wakisimama kando ya vumbi siku za Pasaka wanakumbuka jinsi mafundi walivyolirukia gari kabla halijasimama sawasawa. Haraka yao haikuwa ya kubahatisha. Kila mkono ulijua nati yake.

Sasa Silvia haziji tena. Ya mwisho, S15, iliacha kuundwa mwaka 2002, na sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Zilizopo ndizo zilizobaki. Kila moja inayopigwa mnada kuwa chuma chakavu imeondoka nasi. Ningedhani uhaba huo ungetufundisha kuzitunza. Kinyume chake, naona ekzosi zenye mdomo wa ndoo, stika hadi kwenye vioo, taa za buluu chini ya milango, na huko nyuma pasipoonekana, bushi zilizopasuka kama midomo ya mwenye kiu. Tunalipia kinachotazamwa. Fundi wangu hakuwahi kupata spanaboi aliyemaliza mwaka. Walikuja, wakajifunza kubadilisha oili na pedi za breki, wakaenda kunakolipwa upesi. Simlaumu kijana mwenye njaa. Nawalaumu wenye magari, nami nimo, tunaomsimamia fundi kichwani tukimwuliza ataisha lini, tukilipa kwa idadi ya vitu vilivyobadilishwa badala ya vilivyowekwa sawa.

Macho yalipoanza kumpungukia alifunga kiwanja, akarudi Lamu. Ile spana ya kupimia mkazo aliigawa. Mwembe ulikatwa, na pale sasa panaoshwa magari.

Mwaka jana sili ya difu ilianza kuvuja. Nililipeleka gari kwenye gereji yenye sakafu ya vigae na vijana waliovaa sare, nikaketi chumba cha kungojea chenye kiyoyozi. Nikiwa ndani niliisikia bunduki ya upepo ikilia mara nne, kila mlio kitambo kifupi kuliko kusema bismillahi. Walinirudishia gari limeoshwa. Nilipofika Mazeras mkia ulichelewa, na nilipotia gea ya pili, tok.

Usiku huo nililala chini ya gari na tochi. Nati tatu kati ya nne, nusu mbili za mstari mweupe hazikukutana. Kola moja ya chini ilikuwa imerudishwa kichwa chini miguu juu, imeminyika ubavu, na nyingine haikuwepo kabisa. Mahali pake walitia washa.

Nilimpigia simu. Baada ya salamu alisikiliza bila kunikatiza, na nyuma yake nilisikia watoto na upepo wa pwani. Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama, kabla ya kukaza, kulikuwa na mtu pale hata mmoja aliyetia kidole.