Tembo Wasubiri: Siku Tatu na Lenzi ya Milimita 50 Mjini Voi

Imefika! Ilishuka Ijumaa saa kumi jioni kutoka kwenye basi la Mombasa, ndani ya boksi la viatu lililozungushiwa selotepu mpaka ikabidi niazime kisu cha mama muuza miwa. Basi lilikuwa bado linanguruma, kondakta anaita abiria wa Mtito Andei na Nairobi, nami nimechuchumaa kwenye vumbi jekundu la stendi nikitoa magazeti makuukuu moja moja kama mtu anayemenya kitunguu. Chini kabisa, imeviringishwa ndani ya soksi: Canon EF 50mm f/1.8 STM. Ya mtumba, shilingi 11,000, akiba ya mwaka mzima ya picha za pasipoti na za keki za siku ya kuzaliwa. Nikaiweka kiganjani nikacheka peke yangu. Gramu 160! Embe dodo huizidi uzito.

"Ndiyo hii uliyoisubiri wiki nzima?" mama akauliza. "Mbona kama kifuniko cha chupa ya chai?"

"Ngoja, mama. Nitazame hapa kidogo."

Nikaifunga kwenye 700D yangu, nikafungua tundu hadi mwisho, nikabonyeza. Nilipoangalia kioo cha kamera nilisahau kumrudishia kisu chake. Jicho lake la kushoto lilikuwa kali kiasi kwamba ndani yake nililiona basi, na mimi mwenyewe nimechuchumaa. Kope zahesabika. Nyuma yake, ile stendi yenye kelele, mabango, pikipiki na mifuko ya plastiki, vyote vimeyeyuka vikawa rangi tupu, wekundu umelala juu ya bluu. Mama wa miwa, ambaye nimepita mbele yake kila siku kwa miaka miwili, alikuwa amekaa katikati ya picha kama malkia.

Basi tuelewane mapema: hii si tathmini ya mtu aliyetulia. Mimi ni mwanafunzi, nasomea mambo mengine kabisa hapa Voi, na picha za sura na mitindo nimejifunza kwa kubahatisha, kwa kutazama video usiku bando likiwa nafuu. Nimekaa na lenzi hii siku tatu tu. Lakini siku tatu hizo!

Kwanza nieleze uchawi wenyewe, kwa sababu si uchawi. Lenzi inayokuja na kamera za wanafunzi, ile ya milimita 18 hadi 55, ukiivuta mpaka mwisho hufunguka kufikia f/5.6 tu. Hii hufika f/1.8. Namba ikipungua tundu linapanuka, na ukipiga hesabu utakuta mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Pili, sensa ya kamera kama yangu ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, hivyo milimita 50 hutenda kazi kama 80, umbali ambao wapiga picha za sura wameupenda tangu zamani: pua hairefushwi, mashavu hayapanuliwi, na huhitaji kumsogelea mtu mpaka akose raha. Ukisimama mita moja kutoka usoni na tundu likiwa wazi kabisa, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 3 tu. Jicho liko, sikio limeenda zake.

Sasa niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nihamie mji huu. Sijui mji mwingine unaopitwa na kamera nyingi kama Voi. Kila asubuhi magari ya watalii yenye paa la kuinuka huelekea lango la Tsavo Mashariki, na ndani yake kuna lenzi nene kama bomba la maji, nyingine zina bei ya kujengea nyumba mtaani Mwakingali. Zote zimefunikwa mpaka zipite lango. Hufunuliwa kwa ajili ya tembo wetu wekundu, kisha hufunikwa tena zikirudi. Mazoea haya ni ya zamani. Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kiingereza aliyehimiza wanyama wapigwe picha badala ya risasi, alikuja Voi kuwatafuta tembo kutoka angani. Tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ndogo ilianguka hapa hapa muda mfupi baada ya kupaa, akafa pamoja na mtumishi wake, Kamau. Karibu karne nzima, basi, kamera zinakuja Voi kutafuta pembe.

Lenzi yangu kwa tembo ni bure kabisa. Ukiwa kwenye barabara ya hifadhini, milimita 50 itakupa tembo mwenye ukubwa wa siafu. Uzuri wake ndio huo! Inakulazimisha ugeuke, uipe Tsavo mgongo, utazame sokoni.

Jumamosi nilimtoa mwenzangu wa chumbani kitandani. Ana urefu, ana shingo, na ana leso mpya alizotumwa kumpelekea mama yake (mama akisoma haya, zilirudi zikiwa safi). Nilikuwa na wazo nililoliiba waziwazi kwa Thandiwe Muriu, mpiga picha wa Nairobi ambaye mfululizo wake wa Camo umezunguka dunia: mwanamke amevaa kitambaa, na ukuta wa nyuma ni kitambaa kile kile, hata mwili unazama ndani ya nakshi na kubaki uso, mikono, na miwani iliyobuniwa kutokana na vyombo vya kawaida vya nyumbani. Nikajiambia, wenzetu huko huenda wakahangaika kutafuta kitambaa cha kufanana. Sisi wa pwani leso huuzwa mbili mbili! Moja ajifunge, moja tuitundike ukutani. Miwani tuliitengeneza kwa vichungio viwili vya chai na kipande cha waya.

Hapo ndipo Voi iliponifundisha adabu. Tulianza saa sita mchana. Kwa jua la hapa, mita mia tano na kitu juu ya bahari na mawingu hakuna, tundu la f/1.8 linadai shata iende kasi ya 1/8000 ya sekunde, na kamera yangu mwisho wake ni 1/4000. Uso ukatoka umepaushwa, leso imefifia kama iliyofuliwa mara mia. Nikaanza kutokwa jasho la aibu. Dawa ni tatu: kununua kichujio cheusi cha kipimo cha milimita 49, ambacho sina; kubana tundu kufikia f/2.8, au kukimbilia kivuli. Tulikimbilia baraza la duka moja mtaani Kaloleni, mwenzangu akasimama hatua moja ndani ya kivuli akitazama nje, nami nikamwekea mfuko mweupe wa unga wa kilo 50 upande wa pili urudishe mwanga shavuni. Mwenye duka alidhani tunapima unga.

Na hapo nikagundua jambo la pili: picha za mitindo si picha za sura. Kwa f/1.8 macho yaliwaka lakini pindo la leso, ambalo ndilo nguo yenyewe, lilikuwa ukungu. Nikabana hadi f/5.6. Lo! Kila nukta, kila ua, na lile jina la leso kifuani linasomeka herufi kwa herufi, wala hujui mwili unaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Nilipiga kelele. Watoto wawili wakaja kuona kama kuna nyoka.

Ukiona ni kituko kuongea mitindo katika kaunti inayojulikana kwa mkonge, tembo na vito, kumbuka kwamba mwaka 2010 kampuni ya ASOS ya London ilianza kuuza mavazi yaliyoshonwa na SOKO Kenya, ambayo karakana yake ilikuja kukaa Rukinga, ndani ya hifadhi karibu na Maungu, mwendo mfupi kutoka hapa ukielekea Mombasa. Nguo kutoka vumbi hili hili zimetembea mitaa ya London. Mkonge wa Mwatate nao, ile mistari isiyoisha ukielekea Taveta, kwangu ni ukumbi wa maonyesho ya mitindo ambao hakuna aliyeukodisha. Huko ndiko nitakakoenda nikipata nauli ya watu watatu.

Usiku ukawa wa kuhariri. Natumia darktable, programu ya bure, kwenye laptopu ya kuazima inayopumua kama mzee anayepanda mlima wa Sagalla. Faili ghafi moja ya kamera yangu ni karibu megabaiti 25, na kila nikisogeza kitufe nasubiri, nakunywa chai, narudi. Lakini kusubiri kuna faida: unatazama. Nilitazama nikaona kila uso niliopiga nje una wekundu chini ya kidevu. Nikalaumu lenzi, nikalaumu macho yangu, kumbe ni ardhi! Udongo wa Voi ni kiakisi kikubwa kisichozimika; jua hulipiga vumbi, vumbi hurusha wekundu juu usoni. Unaweza kuurekebisha kwa kupiga karatasi nyeupe mahali pale pale na kuiambia programu kwamba huu ndio weupe. Nilifanya hivyo, kisha nikarudisha wekundu robo. Uso wa Voi usio na wekundu kabisa ulionekana kama umepigwa benki.

Ngozi ndiyo kazi. Nilijaribu pia programu moja ya simu, jina nalihifadhi, yenye kitufe cha kurembesha. Bonyezo moja, mwenzangu akawa mweupe hatua tatu, pua imebanwa, ngozi laini kama plastiki ya ndoo. Hata hakuuliza, ilijiamulia. Ugonjwa huu una mizizi. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, na mojawapo ya mambo yaliyosukuma filamu ziboreshwe zionyeshe kahawia vizuri ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti na kabati zilisikilizwa! Kwa hiyo mimi kwenye ngozi ya mtu mweusi nagusa machache: naongeza mwanga kidogo maana kamera hudanganywa na anga jeupe nyuma, nalinda ule mng'ao wa paji la uso, naondoa chunusi ya wiki hii kwa Snapseed, na alama ya kudumu naiacha. Basi.

Jumapili nilipanda matatu hadi Wundanyi kwa nyanya yangu. Unatoka Voi unatokwa jasho, unapita Mwatate, barabara inaanza kujizungusha, na huko juu kuna ukungu na baridi na mwanga laini ambao studio za Nairobi huununua kwa taa na miavuli. Wapiga picha wa sura, mwanga uko Wundanyi bure! Nyanya alikuwa amevaa koti la mtumba la sufu na kitambaa cha kichwa cha zambarau, na Osborne Macharia, yule mpiga picha aliyewavisha mabibi wetu kama nyota wa sinema, angewatoza watu kiingilio kumtazama. Nilimketisha mlangoni, f/1.8, klik. Ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga maishani mwangu. Nilimwonyesha mikono ikitetemeka.

Akaitazama muda mrefu. "Mimi nimetoka vizuri," akasema. "Lakini mbona umeifuta migomba yangu?"

Nikaanza kumweleza kuwa ule ukungu ndio uzuri wenyewe, ndio nilioulipia. Hakunielewa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoacha kujielewa. Migomba ile ameipanda yeye. Bati jipya lile ameliezeka kwa pesa yake. Nikakumbuka wapiga picha wa Likoni kule kwenye feri, waliotundika nyuma ya wateja pazia la meli na maghorofa, na Omar Said Bakor wa Lamu, aliyekata na kubandika picha kwa mkasi miaka mingi kabla ya Photoshop kuzaliwa mwaka 1990. Mteja wa pwani hakuwahi kwenda studio ili nyuma yake pafutwe. Alikwenda apachague.

Nikabana tundu hadi f/8, nikarudi nyuma hatua sita. Nyanya, mlango, bati, migomba yote saba na kuku aliyejiingiza mwenyewe. Lenzi hii ndogo, ambayo kila mtu huinunua kwa sababu ya ukungu, ilichora kila jani kwa ukali ambao kusema kweli sikuutarajia. Picha hiyo ndiyo anayoitaka kwenye fremu.

Kasoro? Haina kituliza mtikisiko, hivyo jioni ushikilie kwa nguvu au uegemee nguzo. Haivuti wala kusukuma. Miguu yako ndiyo zumu. Ukitaka kupiga macro ya tsavorite kwa muuza vito, kumbuka haikaribii zaidi ya sentimita 35. Kama unanunua ya mtumba, hakikisha ni STM ya mwaka 2015 na kuendelea, yenye shingo ya chuma, wala si ile ya zamani ya plastiki. Imulike kwa tochi ya simu uone kama kuna utando wa ukungu ndani. Na uizungushe sikioni usikie kama ina mchanga. Uamuzi wangu: kwa pesa hii, kwa mwanafunzi, nunua hii kabla ya mwili mpya wa kamera na kabla ya taa yoyote.

Jumamosi ijayo kuanzia saa kumi jioni nitakuwa pale barazani Kaloleni. Picha ya kwanza ni bure. Njoo na leso zako, na tafadhali usije na moja: njoo na zote mbili.