Mifupa 12 na nyayo mbili

Karatasi ya ekografia ambayo mama wa Kipese, mashariki mwa Kongo, hurudi nayo kutoka Butembo au Beni huwa na namba chache: upana wa kichwa cha mtoto, mzunguko wa tumbo, urefu wa mfupa mmoja wa paja. Zinatosha kukadiria umri wa mimba na uzito. Kuhusu mkono wa kushoto au unyayo wa kulia hazisemi kitu, na mtoto mwenye mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kwa ndani, anaweza kuwa na paja la urefu wa kawaida kabisa.

Kasoro za viungo hupatikana kwa kuhesabu. Mikono na miguu ina mifupa mirefu mikubwa 12, na mpimaji makini huifuata mmoja mmoja: kwenye mkono, kutoka bega hadi kiwiko, kisha mifupa miwili ya kigasha hadi kiganja. Akikosa mfupa wa upande wa dole gumba, huhamia kwenye moyo na figo, maana kasoro hizo mara nyingi hufuatana. Ngumi ikiwa imefumbwa, husubiri ifunguke.

Mguu una ishara yake. Mifupa miwili ya chini ya goti ikionekana kwa urefu, unyayo wa kawaida hauonekani wote. Ukitokea mzima pamoja nayo, kama alama ya mguu kwenye matope, huenda umepinda kwa ndani. Huenda, kwa sababu mguu uliobanwa na ukuta wa mfuko wa uzazi hupinda kwa muda tu; ndiyo maana picha hurudiwa mtoto akishajigeuza.

Ekografia yenyewe ilitokana na chuma. Huko Glasgow, daktari Ian Donald na mhandisi Tom Brown walitumia teknolojia ya kutafutia nyufa kwenye vyuma vya kiwandani, wakachapisha matokeo yao mwaka 1958. Sauti hutumwa, mwangwi husomwa. Mfupa hung'aa kwa kuwa huirudisha sauti kwa nguvu, na huacha kivuli nyuma yake.

Kivuli hicho ndicho taabu ya wanaochelewa kliniki ya wajawazito (CPN). Kati ya wiki 18 na 22 mtoto ana maji ya kuogelea na viungo vimetengana. Kufika wiki 34 amejikunja, mfupa mmoja ukifunika mwingine. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza ekografia moja kabla ya wiki 24.

Faida ya kugundua mapema ni kujiandaa. Mguu kifundo hunyooshwa kwa mbinu ya Ponseti: plasta zinazobadilishwa kila wiki, mara nyingi kano ya kisigino kukatwa kupitia kijeraha kidogo, kisha viatu maalumu vya kuvaliwa kwa miaka kadhaa, hasa usiku. Nchini Uganda plasta hizo hufungwa hata na wahudumu wa mifupa wasio madaktari.

Na ekografia ikikosa kuiona kasoro, ukaguzi wa pili hauhitaji umeme: mkunga humvua mtoto nguo na kugeuza kila mguu kabla mama hajatoka maternite.