Heko, Wazamivu wa Historia

Shahada ya uzamivu imepewa jina linaloifaa, kwani anayeisomea katika historia huzama kwelikweli. Gilbert Gwassa, aliyeipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, aliandika juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani. Majalada ya Wajerumani peke yake yasingemtosha. Yaliandikwa na waliokuwa upande wa bunduki. Akaenda Umatumbi, akaketi na wazee walioikumbuka miaka ile, akasikiliza habari za mganga Kinjikitile wa Ngarambe na maji yake ya kuzuia risasi. Angechelewa miaka ishirini, wengi wao wangekuwa wamezikwa na maneno yao.

Warithi wake nimewaona Nyaraka za Taifa, pale Upanga. Jalada liko wazi, karatasi imekauka kama jani la mgomba, kidole kinafuata mwandiko wa Kijerumani herufi kwa herufi. Siku nzima yaweza kwisha kwa jina moja tu la jumbe lililosomeka. Jioni wanafunga daftari, kesho asubuhi wako mlangoni tena. Heko zenu, na Mungu awatie nguvu. Vitukuu vya majumbe hao tunasubiri kusoma.