Skuta ya kispoti au Boxer? Hesabu ya kona na mashimo, Korogwe hadi Handeni

Kuna dai linalorudiwa sana na mashabiki wa skuta za kispoti: eti zinakata kona kuliko pikipiki. Tuchukue TVS NTorq 125, iliyozinduliwa India mwaka 2018, tuiweke kando ya Bajaj Boxer BM150, ambayo ukisimama stendi ya Korogwe huhitaji kuelezwa ni kitu gani. Dai lenyewe ni nusu kweli. Nusu iliyobaki inaweza kukuvunja mguu.

Anza na kona. Uko mwendo wa kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, kwenye kona ya nusu kipenyo cha mita 20. Chombo lazima kilale nyuzi 27 hivi. Hebu angalia hesabu hiyo: imebeba mwendo, ukubwa wa kona na mvutano wa dunia, basi. Uzito haumo, cc hazimo, stika za kispoti ndiyo kabisa! Unachokisikia mikononi ni kitu kingine. Rimu za NTorq ni za inchi 12, kwa hiyo usukani ni mwepesi na inageuka ukiigusa tu. Boxer ina rimu za inchi 17. Inakawia kidogo kuingia, ila ikishalala inatulia. Wauzaji wanachanganya wepesi wa kugeuka na kushika barabara. Kwenye lami safi, kavu, tairi pana za skuta zinastahili sifa, sikatai.

Sasa toka kwenye lami, ingia vijiji vya ndani ya Handeni. Chora shimo la upana wa sentimita 30 kwenye karatasi, halafu pitisha duara la kila tairi. La skuta linazama kama sentimita 5.5, la Boxer kama 4.3. Unaona tofauti ndogo? Tazama ukingo wa pili: skuta inaupiga kwa pembe ya nyuzi 40 hivi, Boxer 32. Juu ya hapo, injini ya skuta imefungwa pamoja na gurudumu la nyuma, inaruka nalo, na shokapu inabeba kazi yote hiyo. Likikukuta shimo hilo katikati ya kona, umeshalala, utaelewa kwa nini vijana wa bodaboda wanacheka ukiwaambia "spoti".

Mteremko wa Lushoto kuja Mombo nao una lake. Boxer unaiweka gia ya pili, injini inakushikia. Skuta haina gia ya kuchagua. Ina mkanda unaojipangia wenyewe, hivyo kazi kubwa inabaki kwa breki, na breki zinapata moto.

Mjini Korogwe hadithi inageuka. Hakuna klachi ya kukamata kila dakika, mkoba unakaa miguuni au chini ya siti, na dada aliyevaa dera anapanda bila kuhangaika. Kwa mwalimu au nesi anayeishia kwenye lami, ningesema nunua skuta. Gunia la mkaa, mshikaki wa abiria wawili (ambao hata hivyo hauruhusiwi), hapo usijidanganye.

Ila kabla ya kulipa, nenda kwa fundi wako Handeni umuulize kama mkanda wa skuta hiyo anao dukani. Akikujibu "mkanda gani?", rudi kwenye Boxer.